Gari Hili ni la Kijani

Mama Lamyong alikuwa ameshayakataa magari manne, na kila moja alilikataa kwa sababu ambayo fundi yeyote angeicheka, ila hakuna fundi wa mji wa Taphan Hin aliyethubutu kumcheka mbele yake. La kwanza lilikuwa la bwana mmoja aliyeachwa na wake wawili. Mama alisema gari lililozoea kuachwa na watu nalo litawaacha watu njiani. La pili lilikuwa limeng'arishwa mpaka unaweza kujitazamia meno, lakini mama aliuvuta mkanda wa kiti taratibu hadi mwisho kabisa, kule ambako muosha magari hafiki, akaonyesha mstari wa tope la mafuriko. Kisha akainua zulia, akatoa kisamaki kilichokauka, akamkabidhi muuzaji mkononi. La tatu lilikuwa la wale vijana wa kujitolea wanaookota maiti barabarani. Muuzaji alijitetea kwamba magari hayo hayaendeshwi ovyo, maana abiria wake hawana haraka tena. La nne halikuwa na ubaya wowote isipokuwa namba zake, ambazo zikijumlishwa zilitoa umri aliofia wifi yake, na wifi huyo hawakuwa wakielewana.

Thawin, mwanawe wa pekee, aliwatabasamia wauzaji wote hao na kuwaomba radhi, huku moyoni analia. Hakuwa analilia magari. Figo za mama yake zilikuwa zimestaafu mwaka uliopita, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilimpasa afike hospitali ya mkoa, huko Phichit mjini, alale kando ya mashine ya kumsafisha damu. Jirani yao, Mzee Phayung, ndiye aliyekuwa akimpeleka, lakini alikuwa anahamia kwa binti yake Chonburi mara tu baada ya Songkran, sikukuu ya mwaka mpya, na Songkran ilikuwa wiki ijayo. Basi la abiria walikwisha kulijaribu. Kwenda alikwenda; wakati wa kurudi alianguka kituoni. Thawin mwenyewe alikuwa na pikipiki yenye kitoroli cha ubavuni, anayowapelekea wateja magodoro, na alipomuuliza daktari kama mgonjwa anaweza kusafirishwa juu ya godoro kwenye kitoroli, daktari alimtazama kitambo kabla ya kusema hapana. Akaongeza, kwa sauti ya chini ili lisiwe zito, kwamba mtu wa hali ya mama akikosa mashine wiki moja anaumwa, na akikosa mbili anapelekwa hekaluni kuchomwa.

Maneno hayo Thawin alimfikishia mama kama yalivyo. Mama alikuwa anachambua mboga.

"Mbuzi kwenye gunia mimi sinunui," alisema. "Nisipopata gari ninalolijua lilikotoka, nitakaa hapa hapa nyumbani. Angalau nyumba hii najua imefanya nini."

Hakuwa hivyo zamani. Zamani walikuwa na pikapu yao, ya kijani iliyokolea, na mama alikuwa akipanda mbele na kumfundisha mumewe kuendesha ingawa yeye mwenyewe hajawahi kushika usukani. Kisha Jumapili moja mchana, yapata miaka mitano sasa, baba yake Thawin, Mzee Sanguan, aliingia kwenye pikapu iliyoegeshwa barazani kusikiliza ngumi redioni. Ndani ya nyumba hakuruhusiwa, kwa sababu mama alikuwa na tamthilia yake. Thawin aliporudi kutoka sokoni alimkuta baba ameegemea kiti, redio inatangaza bei ya mpunga, na mama amesimama kwenye dirisha la gari na sahani ya wali mkononi. Ulikuwa moyo. Watu wa soko lote walicheza bahati nasibu kwa namba za gari lile, kama ada, na nusu yao wakashinda. Kwa hiyo matanga ya Mzee Sanguan yalikuwa na wageni wengi wenye furaha isiyo na mahali pa kufichwa.

Baada ya matanga mama alimwamuru Thawin aliuze gari lile ng'ambo ya mito miwili, Nan na Yom, lisije likajua njia ya kurudi. Thawin akaliuza Kamphaeng Phet, kwa bei ya kutupa, akarudi kwa basi. Tangu siku hiyo mama akipanda gari lolote hukaa kiti cha nyuma, hufumba macho na kung'ang'ania mshikio wa mlango mpaka vidole vinamfa ganzi. Mzee Phayung alikuwa akilalamika kwamba anambeba mama yule kana kwamba amemteka nyara.

Basi hali ndiyo ilikuwa hiyo, wiki moja kabla ya Songkran, Thawin alipoiona pikapu nyeupe kwenye uwanja wa Kamthon.

Kamthon alikuwa muuza magari yaliyotumika, mnene, mpole, mwenye shanga za hekalu shingoni na kikokotoo mfukoni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Kamthon hakuitembeza pikapu ile. Alikaa tu kivulini akila embe mbichi na chumvi yenye pilipili, akamwacha Thawin aizunguke mwenyewe. Injini ilikuwa inanguruma vizuri. Matairi yalikuwa na maisha. Viti vilikuwa na vitambaa vipya, mbele kumefungwa bampa kubwa la chuma, nyuma kuna turubai. Kwenye kioo cha nyuma palikuwa na stika: GARI HILI NI LA KIJANI.

Thawin hata hakuisoma mara mbili. Nani anayezisoma? Mtu akiambiwa na mnajimu wake kwamba rangi ya gari haipatani na siku aliyozaliwa, na hana hela ya kupaka upya, anabandika maneno na mbingu zinaridhika. Pikapu nyeusi ya muuza barafu ilisema ni ya waridi. Teksi ya manjano ya stesheni ilisema ni ya buluu. Kulikuwa na lori la taka ambalo kwa miaka mingi limekuwa likidai ni la dhahabu, na hakuna aliyelipinga.

Alipoomba kadi ya gari, alikuta historia yake inaanza na Kamthon mwenyewe, kama mtu aliyezaliwa ana miaka arobaini. Kamthon alisema ile ya zamani ililiwa na mchwa. Alisema kwa huzuni ya kweli, huku akitafuna embe.

"Mama hatakubali," alisema Thawin.

"Mlete aone, kaka. Gari si mchumba, halikataliwi kwa picha."

Siku ya pili yake mama aliletwa na Mzee Phayung. Thawin alikuwa amejiandaa kwa aibu ya tano. Lakini mama hakuuvuta mkanda wa kiti. Hakuinua zulia, hakujumlisha namba, hakumuuliza Kamthon kuhusu ndoa zake. Alizunguka pikapu mara moja, polepole, mkono mmoja ukiburuzwa juu ya bodi. Akafungua mlango wa abiria, akachungulia, akauinua kidogo kwa kiganja na kuufunga. Kisha akaomba kiti cha plastiki, akakaa.

"Mwiteni Bibi Thongbai," alisema mwishowe.

Mzee Phayung alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli, akaondoka.

Bibi Thongbai wa wilaya jirani alikuwa mtu wa kupandisha mizimu, lakini si wa kupandisha kila kitu. Mizimu ya nyumba alikuwa hashughuliki nayo, wala ya miti, wala ya marehemu wa mtu. Kazi yake ilikuwa ni Bibi Mlinzi wa chombo tu. Maana kila chombo kinachobeba watu kina bibi anayekaa ndani yake, ndiye anayevishwa shada la maua pale kwenye kioo cha kutazamia nyuma, na Bibi Thongbai alijua kuwaita kuanzia wa mtumbwi hadi wa trekta. Kuna mwaka alimpandisha bibi wa basi la Bangkok, akakaa saa nzima akitaja majina ya vituo.

Kamthon hakukataa. Mteja anayetaka kumhoji Bibi Mlinzi si jambo geni, na kukataa kungeonekana vibaya. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba maswali yawe juu ya pikapu na siyo juu ya mwenye uwanja.

Kesho yake asubuhi Bibi Thongbai alifika, mwanamke mkavu wa miaka sabini aliyevaa fulana ya kampeni za uchaguzi. Hawakuwahi kuonana na mama kabla. Walikutanisha viganja kuamkiana kama wageni, na bibi akauliza choo kiko wapi. Alipotoka alikagua sadaka iliyopangwa kwenye dashibodi: mayai ya kuchemsha, shada la yasmini, na chupa mbili za soda nyekundu zenye mirija. Akasema soda si baridi. Thawin akatumwa dukani. Aliporudi bibi alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya usukani, macho yamefumbwa, anatetemeka taratibu kama injini inayosubiri kuwaka asubuhi ya baridi. Mama alisogeza kiti chake cha plastiki karibu na dirisha. Kamthon alisimama nyuma akizichezea shanga zake.

Kisha Bibi Thongbai akakohoa, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mwali aliyezoea kubembelezwa.

"Joto," ilisema. "Kiyoyozi kimekufa tangu kiangazi cha mwaka jana na hakuna anayejali."

Thawin alimtazama Kamthon. Kamthon alitazama mawingu.

Mama akamwamkia Bibi Mlinzi kwa heshima, akamkaribisha soda. Mrija ulinyonywa mpaka ukakoroma. Halafu mama akamwomba, kama hatajali, ataje waliomwendesha, aanzie kwa wa sasa arudi nyuma.

"Huyu mnene hajaniendesha, ameniegesha," ilisema sauti. "Lakini sina ugomvi naye. Amenirudisha kilomita nyuma, kanipunguzia umri. Mwanamke gani atanuna?"

Kamthon alianza kueleza kwamba mita ile ilikuwa na hitilafu, kwamba alikuwa na nia ya kusema, kwamba yeye ni mtu wa hekalu. Lakini Bibi Mlinzi alikuwa ameshapanda mada. Kabla ya mnene, alisema, kulikuwa na muuza duriani, lile tunda la harufu kali, wa Kamphaeng Phet, aliyempakia mizigo mpaka chemchemi zikalia, na harufu ile aliibeba mwilini msimu mzima. Magari mengine yalikuwa hayataki kuegeshwa karibu naye. Kabla yake, mwalimu mmoja kijana na mkewe, waliogombana kila siku kuhusu njia ipi ni fupi, na wakaachana kwa sababu ya njia ndefu. Bibi Mlinzi aliwasikitikia. Akaomba yai.

Thawin alikuwa ameegemea mlango ulio wazi, anamenya yai hilo, akiwaza kwamba pengine safari hii mambo yatakwenda. Duriani haikuwa mkosi. Talaka, ndiyo, ilikuwa na doa, lakini moja tu, siyo mbili. Ndipo macho yake yalipoangukia bawaba ya mlango. Pale ambapo brashi ya mpaka rangi haikuingia vizuri, chini ya weupe, palikuwa na rangi nyingine. Ilikuwa kijani iliyokolea.

Akakumbuka pikapu yao ya zamani ilikokwenda kuuzwa. Kamphaeng Phet. Akatazama mlango wa abiria, ule aliouinua mama ndipo ukafungika. Akatazama chini ya redio, palipokuwa na alama ndogo nyeusi ya kuungua, na akamwona baba yake akiizimia sigara pale, siku ile walipotoka harusini, na mama akimgombeza kutoka huko hadi nyumbani. Yai likamponyoka likabingirika chini ya gari.

Pikapu ile ilikuwa imevuka mito miwili na kurudi. Na stika ile kwenye kioo, ambayo yeye na kila mpita njia waliichukulia kuwa ni mambo ya mnajimu, ilikuwa inasema ukweli mtupu.

Hofu aliyoipata Thawin haikuwa ya mizimu. Mizimu hakuwa na nafasi nayo. Aliogopa kwamba sasa hivi, dakika hii, mdomo wa bibi yule mkavu utamtaja mtu wa nne, mama ataelewa amekaa kando ya gari gani, atainuka kwenye kiti cha plastiki, ataenda nyumbani kwa miguu, na hatapanda gari lolote tena mpaka siku atakayobebwa.

"Bibi amechoka," alisema haraka. "Mama, tumwache Bibi Mlinzi apumzike. Tumesikia ya kutosha. Bwana Kamthon, ongeza soda. Mpe hata ya chungwa."

"Ya chungwa sinywi," ilisema sauti.

"Kabla ya mwalimu alikuwa nani?" aliuliza mama.

"Mama, jua kali. Daktari alisema—"

"Thawin. Kaa chini."

Hapakuwa na kiti kingine. Thawin, mwanamume wa miaka arobaini na minne mwenye duka lake, alikaa chini kwenye kokoto.

"Kabla ya mwalimu alikuwa mzee," ilisema sauti, na ikalegea kidogo. "Mzee wa mbegu za alizeti. Maganda anayatupa chini, akiniwasha yananiwasha. Alikuwa anaimba vibaya. Lakini ndiye pekee aliyekuwa ananiaga akishuka. 'Haya bibi, lala salama.' Wengine wote wanagonga mlango tu."

Mama hakushtuka. Hakuinuka. Alikunja mikono mapajani kama mtu aliyefika zamu yake kwa daktari.

"Siku ya mwisho ya mzee huyo," alisema, "ulikuwepo."

"Nitaenda wapi? Mimi ni gari."

"Basi nina swali moja. Hilo tu ndilo nililokuitia, mengine yote yasingenifaa kitu." Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Nilimwita mara mbili. Ya kwanza nilimwita kutoka jikoni, nikamwambia chakula tayari. Hakuja. Ya pili nikamletea sahani hapa dirishani. Hakugeuka. Nikadhani ni ngumi zake. Nikamwambia, 'Haya, kaa humo humo, ufie humo na ngumi zako.' Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mume wangu wa miaka thelathini na tisa. Nataka kujua kama aliyasikia."

Thawin alisahau kokoto. Miaka yote mitano alidhani mama anaogopa magari. Aliyahesabu magari aliyoyakataa mama: la bwana aliyeachwa, la mafuriko, la maiti, la namba za wifi, na akaona kwamba katika yote hayo hapakuwa na hata moja ambalo lingeweza kumjibu mama, na kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro yao.  Kamthon, ambaye hakuambiwa lolote na alielewa yote, alivua kofia.

 Bibi Thongbai alinyonya soda mpaka chini, akaiweka chupa kwenye dashibodi kwa uangalifu.

"La kwanza alilisikia," ilisema sauti. "Ulipoita toka jikoni. Alicheka. Akaniambia, 'Mwache aite, bibi, raundi imebaki moja.' Kisha akaegemea kiti. Ulipokuja na sahani, humu ndani nilikuwa mimi tu."

Mama alifunika mdomo kwa kiganja.

"Kwa hiyo maneno yale niliyasikia mimi," iliendelea sauti, sasa ikiwa na kinyongo. "Na niliumia sana, kusema kweli. Sikuwa na kosa. Nilikuwa nimekaa tu barazani kwangu. Halafu ukaniuza."

"Nisamehe," alisema mama.

"Nikaishia kwa muuza duriani."

"Nisamehe, bibi. Nilikuwa simjui mwingine wa kumkasirikia."

Sauti ikaomba yai jingine. Ikasema itasamehe, ila kiyoyozi kitengenezwe, na duriani isipandishwe tena humu, hata moja, hata ya zawadi. Mama akaahidi. Bibi Thongbai akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea, akafumbua macho na kutazama huku na huku. Kwa sauti yake mwenyewe, kavu, akauliza kama Bibi Mlinzi amesema lolote kuhusu giaboksi, kwa sababu watu wengi husahau kuuliza giaboksi.

Thawin alimsaidia kushuka, na alipokuwa anamfungia mayai kwenye mfuko alimuuliza kwa kunong'ona kama anakumbuka aliyoyasema. Bibi Thongbai alisema hakumbuki kitu, hajawahi kukumbuka, na kwamba kama angekumbuka angekuwa ameshaugua kichaa, maana magari yana mambo. Aliondoka na mayai yake. Thawin alibaki akijiuliza yale ya alizeti na ya kuimba vibaya yametoka wapi. Kisha akaona kwamba hataki kujua, na akaacha kujiuliza.

Kamthon alikuwa bado ameshika kofia. Alianza kujitetea kabla hajalaumiwa. Kadi, ndiyo, haikuliwa na mchwa. Kilomita, ndiyo. Lakini rangi hakumficha mtu yeyote.

"Mimi niliandika," alisema, akionyesha kioo cha nyuma. "Kwa herufi kubwa. Tangu liletwe, watu wangapi wamesimama hapa? Wote wanasoma, wanatingisha kichwa, wananiuliza nilizaliwa siku gani. Nifanyeje? Ukweli nimewabandikia machoni."

Mama alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile kana kwamba ni mtu na si nguzo. Akasema ni kweli. Yeye mwenyewe aliisoma tangu alipokuwa kwenye gari la Mzee Phayung, hajashuka bado, na akaamini.

"Ulijua tangu jana?" aliuliza Thawin kutoka chini kwenye kokoto, maana alikuwa amekaa tena bila kuambiwa.

"Nimeufunga mlango ule miaka kumi na minane. Wewe ndiye uliyeliuza na hukulijua. Jumatatu lini?"

"Keshokutwa, Mama."

"Basi inuka. Utachafua suruali."

Bei walielewana upesi, kwa kuwa Kamthon hakuwa na uso wa kubishana, na kiyoyozi alikitengeneza kwa gharama yake siku ile ile. Alitaka kuing'oa stika. Mama akamkataza.

Jumatatu asubuhi Thawin alilitoa gari barazani, pale pale palipokuwa pake. Alikuwa ametandika mto kiti cha nyuma, mahali pa mama pa siku zote. Mama alifika na kikapu chake cha hospitali, akautazama ule mto, akauchukua, akaenda nao kiti cha mbele. Akauinua mlango kwa kiganja, akaufunga. Akavisha shada jipya la yasmini kwenye kioo. Halafu, kabla Thawin hajaingiza gia, akanyoosha mkono na kuwasha redio. Ilikuwa inatangaza bei ya mpunga. Akaizima.

Aliigeukia dashibodi, pale penye alama ya sigara.

"Kona nyekundu ilishinda," alisema. "Kwa pointi. Nilikwenda kuuliza sokoni baada ya matanga, ukitaka kujua. Wako wa bluu alichoka raundi ya mwisho. Na wewe nilikwambia tangu Ijumaa kwamba hana pumzi, ukasema najua nini mimi."

Thawin alishika usukani, barabara yote mbele imejaa machozi, hata nguzo za umeme hazionekani vizuri. Mama alimwambia aangalie anakokwenda, na asikanyage breki kama anaua mende, baba yake naye alikuwa hivyo hivyo. Kisha akaweka mto, akaegemea kiti, akafumba macho. Walipofika kwenye daraja la Nan, Thawin alitupia jicho mikono yake, kuona kama vidole vimeshaanza kufa ganzi. Mikono ilikuwa mapajani, wazi, na mama alikuwa anakoroma.